Ng'ambo ibaki Ng'ambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaotengeneza tovuti hapa Zanzibar, na zaidi na walimu wao, kwani nami nasomesha kompyuta hapa Wete.

Karibuni mzazi mmoja aliniletea simu yake. Alikuwa amejaza fomu ya skuli mtandaoni, na kwenye makaazi ameandika Ng'ambo. Ukurasa ukamrudishia Ng&#39;ambo. Alikuwa na wasiwasi kweli, asije mtoto wake akakosa nafasi kwa anuani isiyosomeka. Fundi wa tovuti alipoambiwa akaja na dawa ya haraka: akaweka neno safe kila mahali kiolezo, yaani umbo la ukurasa lenye nafasi za kujazwa, kinapochapisha maandishi ya wazazi. Ng'ambo ikatoka sawasawa, wenyewe wakaridhika. Mimi sikuridhika hata kidogo.

Kiolezo cha ukurasa ni kama khanga: pindo na mji ni vile vile, jina ndilo linalobadilika. Fremuweki, yaani zana za kujengea tovuti, kama Flask, hupokea ombi la mtu, huchukua taarifa kwenye hifadhidata na kuikabidhi injini ya violezo, tuseme Jinja, ambayo huzitia taarifa hizo mahali pake. Hapo hapo injini ina kazi ya ulinzi. Mtu akiandika <script>, alama ya kuanzisha programu, kwenye nafasi ya jina, injini huzigeuza alama zile ili brauza izioneshe kama maandishi tu, isizitekeleze. Neno safe huiambia injini iache kulinda. Basi pale maandishi yanapofika bila ya kugeuzwa kwanza, mwenye nia mbaya ataweza kujisajili kwa "jina" ambalo ndani yake ni programu, na siku mwalimu mkuu akifungua orodha, programu ile itafanya kazi ndani ya brauza yake, kwa ruhusa zake yeye.

Na ugonjwa wenyewe haukuwa kwenye injini. Alama ya ' katika Ng'ambo ilikuwa imeshageuzwa kuwa msimbo wake, &#39;, kabla ya kuhifadhiwa. Ukurasa ulipochapishwa, injini ikaikuta &, nayo ikaigeuza, kama inavyotakiwa. Ndiyo maana mzazi akaona takataka zile. Tiba yake ni kuhifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, na kuligeuza mara moja tu, wakati wa kuchapisha.

Linalonitia hofu zaidi ni pale kijana anapounganisha injini na fremuweki kwa mkono wake. Jinja ikiwa peke yake, ulinzi huu haujawashwa. Flask huuwasha yenyewe kwa violezo vyenye mwisho wa .html. Django, fremuweki nyengine, ambayo tangu toleo la 1.8 la mwaka 2015 inakubali Jinja ndani ya mpangilio wake wa violezo uitwao TEMPLATES, nayo huuwasha. Lakini ukiiunda Jinja mwenyewe na kuifunga kwenye fremuweki nyengine bila ya kuandika autoescape=True, agizo la kuwasha ulinzi, kurasa zitafunguka vizuri, majina yatapendeza, wala hutoona onyo lolote. Wanaotumia EJS, injini nyengine ya violezo, wachunge pia: <%= hulinda, <%- hailindi. Tofauti ni alama moja tu, na macho yaliyochoka huipita.

Walimu wenzangu, kabla ya kuwasomesha vijana rangi na picha, kila mmoja na aandike <b>Ng'ambo</b> kwenye fomu aliyoitengeneza. Ikitoka Ng'ambo kwa herufi nzito, kiungo cha injini na fremuweki ni kibovu. Ikitoka pamoja na alama zake zote kama alivyoiandika, kiungo kizima. Na nyinyi mnaolipia tovuti hizi, wakuu wa skuli, vyama vya ushirika, masheha, mwambieni fundi alifanye jaribio hilo mbele yenu kabla hamjammalizia fedha zake.

Mwalimu wa kompyuta,
Wete, Pemba