Neema, njoo utuamue

Neema wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo hapo chuoni Makumira? Huku Musoma tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimia, dagaa wamepanda bei, mengine atakusimulia kaka yako.

Nakuandikia kwa ajili ya lile sanduku la maswali la vijana. Unalijua: unaandika bila jina, unatumbukiza, Alhamisi tunajadili. Mwanzoni yalikuja ya fungu la kumi na mahari, tukacheka tukaenda nyumbani. Halafu mtu akaandika: "Nilibatizwa nikiwa mchanga, siamini kama nilikubali chochote. Je, nimebatizwa?"

Weee! Tangu hapo kifuniko hakifungi. Huyu anatupa Marko 16:16, kuamini kwanza, maji baadaye. Yule anajibu kwa nyumba ya Lidia na ya Stefana zilizobatizwa nzima, eti nyumba gani ile haina watoto? Yupo wa herufi kubwa, kalamu nyekundu, anayesema kikombe cha maji kichwani ni kunawa tu. Mwandiko ule sote tunaujua, na Jumapili mwenyewe anapita mbele na sadaka, mpole kweli kweli. Na kwa kuwa msomaji ni mimi, matusi yote yanatoka kinywani mwangu!

Juzi mmoja akawaita Wamennonite, wasiobatiza watoto wachanga, wapotoshaji. Hapa Musoma, Neema! Wamisionari wao walifika Shirati tangu 1934, na nusu yetu tuna mashemeji huko. Nikaweka karatasi chini, nikawasimulia Felix Manz, mmoja wa watangulizi wao wa imani, alivyozamishwa katika mto Limmat, Zürich, Januari 1527, kwa kosa la kubatiza watu wazima, na waliomzamisha ni Waprotestanti. Kuna aliyenikatiza: "Hao ni watu wa Zwingli, mwanamatengenezo wa Zürich, si sisi Walutheri." Ni kweli. Lakini Ungamo letu la imani, la Augsburg la 1530, nalo linawalaani wenzake Manz, na ndiyo maana mwaka 2010, kule Stuttgart, Walutheri wa dunia nzima kupitia Fungamano lao waliwaomba Wamennonite msamaha. Vijana wakanyamaza. Wiki iliyofuata, kalamu nyekundu ileile.

Ila kinachoninyima usingizi ni yule wa kwanza. Karatasi yake ninayo: imechanwa kwenye daftari la shule, neno "nilikubali" limefutwa na kuandikwa upya. Sidhani anauliza habari ya wingi wa maji. Nahisi kuna mtu anamvuta akabatizwe tena ziwani, na nyumbani hawataki kusikia. Tungejua jina tungemwendea. Ila kwa jina asingeuliza kabisa, sasa ndiyo nini?

Mchungaji anataka sanduku liondolewe. Mimi sitaki, nimemwomba anivumilie mpaka nipate jibu lako.

Nitumie basi yale madaftari yako ya sakramenti. Huko mnawajibuje watu kama huyu? Wewe ungemwambia nini, kwa maneno machache ninayoweza kuyasoma mbele ya wote, yeye akajua ni yake? Na likizo mnafunga lini? Kigiriki umekivuka, au bado mnagombana?

Wako,
Esta