Wifi, mimi niliuliza habari za mwalimu

Wifi yangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, maana najua huwa unapita ukisoma. Kwanza, ile sweta uliyomfumia mtoto nimeiona pichani. Imemkaa vizuri, na baridi hii ya Nakuru anaihitaji. Mikono yako ina baraka.

Lakini siku ile tulipokwenda kuiangalia shule ya praiveti ya kumwanzisha mtoto gredi ya kwanza bado inaniuma. Mkurugenzi alituzungusha: basi, bwawa la kuogelea, chumba cha kompyuta. Nikauliza swali moja tu, mwalimu wa gredi ya kwanza ameifundisha gredi hiyo kwa muda gani. Mkurugenzi akakohoa. Wewe ukacheka, ukamwambia, "Msamehe, huyu ni shangazi tu." Tu! Mbele ya mtu baki! Ulipolazwa wodini, huyo mtoto alilala mgongoni mwa nani?

Sikuuliza kwa ujeuri. Wengi wanaofundisha huko ni vijana waliotoka chuoni juzi, wanangoja TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, iwaajiri. Ajira ikitoka wanaondoka, hata katikati ya muhula, na siwalaumu, wana maisha ya kutafuta. Anayeumia ni mtoto ambaye ndiyo kwanza anaunganisha silabi, anaanza upya na mwalimu asiyemjua. Wala sisemi uhesabu mvi. Kuna mwalimu aliyezeekea darasa la nane akiwaandaa watoto kwa KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hadi mtihani wenyewe ukafanywa mara ya mwisho 2023. Huyo naye ukimpa gredi ya kwanza ni mgeni.

Yule mwalimu wa shule ya serikali kule Kaptembwo ulikataa hata kumwona. Ndiyo, watoto wamebanana watatu watatu kwenye dawati, sikatai. Lakini mimi nilisimama mlangoni. Mtoto alisoma "dada" palipoandikwa "baba". Mwalimu hakumkaripia. Alimshika kidole, akakichoresha herufi b juu ya dawati: fimbo kwanza, tumbo baadaye. Akarudia, akarudia tena, huku jicho likiwa kwa wawili wa nyuma waliokuwa wakipigania rula. Mtoto akasoma "baba". Mtu hujua hivyo kwa kuwa amewapitisha wengi hapo hapo.

Nasikia karo umeshalipa. Haya, mtoto ni wako. Ila nenda asubuhi ya kawaida, si siku ya wageni, uombe kukaa nyuma ya darasa. Uulize ni walimu wangapi wa gredi za chini waliokuwepo mwaka jana ambao bado wapo. Ukiambiwa waliobaki ni wawili watatu, karo ya muhula mmoja isikufunge. Januari tumhamishe, sare nitanunua mimi.

Na simu upokee, wifi. Mama ananiuliza kila jioni kama tumeelewana, nami sina la kumjibu.