"Opinionated" si "mwenye maoni"

Ndugu Mhariri,

Habari za nje zinazofasiriwa magazetini mara nyingi huligeuza neno la Kiingereza "opinionated" kuwa "mwenye maoni". Tafsiri hiyo inaifanya lawama ionekane sifa. Nani asiye na maoni?

Kosa linaanzia kwenye umbo la neno. Mfasiri anaona "opinion", maoni, kisha mkia "-ed", anakumbuka "talented", mwenye kipaji, anaunganisha. Haoni ile "-at-" ya katikati. Kiingereza kiliwahi kuwa na kitenzi "opinionate", ambacho leo hakitumiki, na neno letu limetokana nacho. Limekuwapo kwa takriban miaka 400, na tangu mwanzo lilimsema mtu anayeng'ang'ania lake na kujiona. Ukilifuata hadi Kilatini unakuta "opinari", kudhani. Anayesemwa, basi, ameishikilia dhana kana kwamba ni elimu.

Kiswahili kina maneno tele ya mtu huyo: haambiliki, mjuaji, mbishi. Chukua sentensi "He is too opinionated to chair the meeting." Ukiandika "Ana maoni mengi mno kuongoza kikao", msomaji hapati kitu. Andika "Haambiliki, hafai kuongoza kikao", na kila mtu ameelewa.

Ila angalia nani anamsema nani. Mtu akijisemea mwenyewe, ukali hupungua: "I'm quite opinionated about tea" ni "Kwenye chai mimi nina msimamo wangu". Na mara nyingi anayeitwa hivyo ni mwanamke aliyesema wazi tu. Hapo tunasisitiza: usiandike "ni mjuaji", andika "wanamwona mjuaji", ili lawama ibaki kwa walioitamka.

Watengenezaji wa programu za kompyuta wao wamelifanya la kujisifia. Ruby on Rails, mfumo wa kutengenezea programu za tovuti, hujieleza kwa neno hilihili, maana imekwisha kuchagua njia ya kufanya kazi kabla hujaanza. Ukiipa modeli, yaani sehemu ya programu inayoshughulikia aina moja ya data, jina "Book", Rails inakwenda yenyewe kutafuta jedwali la data liitwalo "books". Ukifuata mpango huo, kazi inakwenda haraka. Ukitaka jedwali lenye jina jingine, unaweza, lakini lazima uielekeze mwenyewe. Kwa programu kama hiyo "isiyoambilika" ni kosa. "Yenye utaratibu wake" inatosha.

Wafasiri,
Dar es Salaam