Galaksi kongwe si maiti

Mhariri,

Makala yenu ya sayansi ya wiki iliyopita yamenitia taabuni hapa Arua. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliyaleta darasani, kayakata vizuri kwa wembe, akauliza: "Mwalimu, kumbe galaksi zikizeeka hufa?" Mwandishi wenu ameziita "galaksi maiti" kwa kuwa haziundi tena nyota. Azitazame basi kwa darubini ya eksirei, mionzi ile ile ipigiwayo picha za mifupa hospitalini.

Humo mna nyota za jozi: moja ilikwishaporomoka ikawa nyota nyutroni, yaani kiini cha nyota kilichoshindiliwa mno, au shimo jeusi, ambalo hata nuru haichomoki, nayo humnyonya mwenzake. Gesi inayonyonywa huzunguka kwa kasi, husuguana, hufikia joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Galaksi inapozeeka, kinachobadilika hasa ni huyo anayenyonywa. Katika galaksi changa huwa ni pande la nyota, lenye uzito wa Jua mara kumi au zaidi. Nyota kama hizo ni moto wa mabua. Miaka milioni makumi kadhaa, kwisha. Uzazi wa nyota ukikoma, jozi hizo nazo hutoweka upesi.

Nilimpeleka kijana kwa muuza chapati aliye nje ya geti letu. Alfajiri sigiri yake huwashwa kwa karatasi na vijiti, ndimi za moto zikaruka. Ikifika saa nne huoni ulimi hata mmoja, lakini chapati zinaiva. Makaa ndiyo jozi za uzeeni: mwenzi ni mdogo, kama Jua letu au pungufu, na anaishi miaka mabilioni. Ndiyo maana idadi ya jozi hizo hufuata wingi wa nyota zote zilizopo, si wa zinazozaliwa leo. Nazo hupungua taratibu, sikatai. Ila kwenye vishada vya nyota kongwe, zilikosongamana kama abiria wa teksi ya jioni, nyota nyutroni huweza kumpora jirani na kuunda jozi mpya. Tangu Chandra, darubini ya eksirei ya angani, irushwe mwaka 1999, jozi hizi zimeonekana moja moja ndani ya galaksi kongwe za jirani.

Halafu jingine. Mmeandika kana kwamba elimu hii yote ni ya ng'ambo. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Wakenya walipokuwa wakisherehekea uhuru wao. Ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3, nyota nyutroni iliyo katika jozi, hupiga eksirei kama mapigo ya moyo kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba hufichwa na mwenzake kila siku mbili na kidogo.

Naomba mlisahihishe hilo neno "maiti" katika toleo lijalo. Kipande chenu kimebandikwa ukutani maabara, na wino wangu mwekundu wanafunzi hawauamini kuliko gazeti.

Mwalimu wa Fizikia,
Arua