Nguchiro na sumu ya swila

Goma

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku wazima, papa yako anakusalimu. Umeniuliza kama ni kweli, kama wasemavyo wenzako hapo bwenini Bukavu, kwamba nguchiro akiumwa na swila hukimbilia porini kutafuna majani ya dawa. Hata bibi yako alituhadithia hivyo. Lakini si majani, mwanangu. Kinga yake amezaliwa nayo.

Sumu ya swila inayoua upesi hulenga pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Kwenye msuli kuna vipokezi vinavyopokea amri ya kujikaza. Sumu huvikalia kama ufunguo uliokatikia ndani ya kufuli: amri haipiti, msuli unalegea, na ikifika kwenye misuli ya kupumua, pumzi inakatika. Kwa nguchiro, mahali penyewe sumu ingeshika pamezibwa na chembe za sukari zilizoota juu ya kipokezi. Nyegere ana njia yake: kipande kimoja cha kipokezi hicho kimegeuka, kikabeba chaji ya umeme inayoisukuma sumu. Kalunguyeye na nguruwe nao wana badiliko kama la nyegere, na kila mmoja alilipata kivyake. Jambo hilo hunishangaza kila nikilifikiria.

Usidhani walijizoeza. Zamani sana, wachache walizaliwa na kipokezi kilichopotoka kidogo tu. Waliumwa wakapona, wakazaa. Wenzao walikufa kabla ya kupata watoto. Ikawa hivyo kizazi baada ya kizazi. Farasi ni habari nyingine. Wale wa kutengenezea dawa ya nyoka hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yao itoe kinga, lakini kinga hiyo haiingii kwenye mbegu. Mjukuu wa farasi huyo, mbele ya swila, ni farasi kama wengine.

Na nguchiro mwenyewe akipata sumu nyingi mno hufa. Tena kipokezi hicho hakimfai kitu kwa sumu ya moma, inayoharibu damu na nyama.

Sisi watu hatuna kinga ya kutuokoa kama hiyo. Kwa hiyo mwenzako akiumwa huko, msimchanje, msimnyonye jeraha, msimfunge kamba. Atulie, mguu usichezeshwe, abebwe hospitali mara moja. Waambie na wale wa majani.

Mama yako