Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wenye nyumba katika jengo letu la ghorofa, na ninyi wapangaji mliofika ingawa kadi ya mwaliko ilisema "wenye nyumba":

Aliyezoea Assalamu alaikum aipokee, na aliyezoea Bwana Yesu asifiwe naye aipokee. Asanteni kwa kuja.

Mambo mepesi niyamalize kwanza. Hesabu atazisoma mweka hazina. Walinzi wamelipwa kila mwezi, takataka zinazolewa, na rangi ya ngazi imeishia ghorofa ya tatu kwa sababu michango nayo iliishia hapo hapo. Lile pendekezo la kubandika getini majina ya wanaodaiwa nimelikataa, na nitaendelea kulikataa.

Kilichokula muda wa kamati mwaka huu ni kelele. Fungueni daftari la mlinzi mjionee: zimeandikwa mara nyingi kuliko maji na maegesho ya magari yakijumlishwa pamoja. Na katika kelele hizo, kubwa kuliko zote tuliiamua vibaya. Aliyekosea ni mimi.

Mnakumbuka mgao wa umeme wa mwanzoni mwa mwaka. Februari mama mmoja wa ghorofa ya pili alikuja kwangu macho mekundu. Alisema wa juu yake wanatwanga usiku wa manane. Sote tunamjua jirani wa juu, na sote tumeshakula kisamvu chake. Kinu anacho. Kamati ilikaa dakika kumi, haikuzidi, tukaandika barua ya onyo, nikaweka saini.

Kesho yake jioni jirani huyo wa juu akabisha hodi. Alikuwa amekibeba kinu kiunoni kama mtoto, mchi mkononi. Akakitua juu ya meza yangu, juu ya magazeti. "Mwenyekiti, shikamoo. Kaa nacho wewe. Kikitwanga leo usiku, ujue kinatwanga chenyewe." Akateremka zake.

Saa nane na robo usiku simu ikaita: wanatwanga. Nikakitazama kinu, kimetulia mezani. Nikavaa kandambili nikaenda, mume wa yule mama akanifungulia, tukakaa watatu sebuleni gizani kama watu wa mkesha. Baada ya muda kikaja kishindo kimoja kizito, kikafuatiwa na vidogo vitatu. Kilitoka ukutani, upande wa bomba la maji linalopanda kwenye matenki ya juu. Darini hakukuwa na kitu.

Fundi alitueleza mchana wake. Pampu inasukuma maji kutoka kisima cha chini hadi paani. Ikizimika ghafla, maji yaliyokuwa yakipanda yanageuza na kurudi chini kwa uzito wake, na valvu ya kuyazuia yasirudi inajifunga kwa kishindo. Yetu springi yake ilikuwa imechoka, kwa hiyo ilichelewa kufunga, na ikichelewa inapigwa kwa nguvu zaidi. Bomba lenyewe limebanwa moja kwa moja kwenye zege, basi ukuta mzima unakuwa ngoma. Kwa nini usiku? Mchana umeme haukuwepo. Ulikuwa ukirudi usiku, pampu inajaza matenki, inazimika, na hapo ndipo "wanatwanga".

Tumeweka valvu mpya inayofunga mapema kabla maji hayajapata kasi ya kurudi, raba nene chini ya pampu, na raba nyingine kwenye vibanio vya bomba. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili. Kinu nilikirudisha mwenyewe, na mwenye kinu alinipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani, haki yake. Leo yupo hapa mstari wa mbele, na ninarudia mbele yenu: mama, tusamehe.

Tangu hapo kamati ina utaratibu mmoja: hatubishi hodi kwa mlalamikiwa kabla hatujakaa chumbani kwa mlalamikaji na kusikiliza saa ileile anayolalamikia. Baadhi yenu mmenung'unika kwamba ni kupoteza muda. Kwa utaratibu huu tumeshagundua kiyoyozi kilicholegea nati nje ya dirisha, na mlango wa ngazi ya dharura unaojibamiza upepo wa bahari ukivuma. Kelele zote mbili zilikuwa zimeshapewa majina ya watu wa kulaumiwa.

Hilo halifuti kelele za watu. Zege letu linazuia mazungumzo ya jirani vizuri tu, lakini kitu kikigusa sakafu, kiti kikiburutwa, mtoto akiruka, mtikisiko unapita ndani ya zege na wa chini anausikia kuliko aliyeufanya. Ndiyo maana wa juu anaapa kwamba hakufanya lolote, na wa chini anaapa kwamba hakulala, na wote wawili wanasema kweli. Kijana wa ghorofa ya nne alikata kandambili kuukuu vipande, akavigundisha chini ya miguu ya meza na viti vyote. Kesi ikaisha kwa gharama ya gundi. Wenye vinu, twangieni juu ya kipande cha tairi au gunia lililokunjwa mara nne.

Sabufa ni habari nyingine. Besi haijali dirisha lililofungwa. Iinueni kutoka sakafuni na muiondoe pembeni mwa kuta, hasa kwenye kona, maana kona huikuza. Na wale mnaoniambia "mwenyekiti, nimezima spika moja kati ya mbili, wanataka nini tena?": ukizima moja kati ya spika mbili zinazofanana, kipimo cha sauti kinashuka kama desibeli 3 tu, na sikio la jirani linatambua kwa shida. Ili asikie kama umepunguza nusu, unahitaji kushuka karibu desibeli 10. Programu za simu za kupimia sauti mnazonitumia picha zake usiku zinaweza kutuonyesha kwamba sauti imepanda au imeshuka, lakini tarakimu zake msizifanye ushahidi.

Kuhusu tarehe 20 Aprili, Yanga ilipoifunga Simba 2-1, tulipokea malalamiko mawili ya vuvuzela, yote kutoka kwa Wanasimba. Mimi pia ni Simba, kwa hiyo nilijitoa kwenye shauri hilo.

Ramadhani, jirani mmoja alilalamikia blenda saa kumi usiku wakati wa daku. Kabla kamati haijakutana wenyewe walishazungumza ngazini: juisi isagwe kabla ya kulala, na jumuiya ya Jumamosi alfajiri nayo ianze nyimbo baada ya saa moja. Kamati iliambulia sahani ya tambi siku ya Idi.

Baa ya kiwanja cha pili ni nje ya uwezo wetu, lakini si nje ya sheria. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zina viwango vya mchana na vya usiku kwa maeneo ya makazi, na msimamizi wake ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Tumeanzia serikali ya mtaa kwa barua yenye tarehe na saa za kelele kwa siku kumi na nne mfululizo. Mwenye baa amegeuza spika zikatazama barabarani. Bado haitoshi, na barua ya pili iko kwa katibu ikisubiri saini zenu. Msipoisaini, msinipigie simu Ijumaa.

Mwisho, wapangaji. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatutambua wenye nyumba kama wanachama, lakini anayeishi chini ya sabufa mara nyingi ni mpangaji, na anayeipiga pia. Wenye nyumba wengine mnaishi Kigamboni au Mbezi na hamjui hata sauti ya lifti yetu. Kamati inaomba mkutano ukubali mambo mawili: wapangaji wawili wakae kwenye kamati ndogo ya usuluhishi, na kila mkataba mpya wa upangaji uambatanishwe na kanuni zetu za utulivu, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Swichi ya pampu sasa ina saa yake. Haiwaki baada ya saa nne isipokuwa matenki yamekauka. Valvu ya zamani ipo mezani kwa katibu, pamoja na karatasi ya mahudhurio. Anayetaka kuitikisa aisikie aje, ila asifanye hivyo wakati mweka hazina anasoma.