Kwa mdogo wangu uliyeondoka Kolo bila kuaga

Mdogo wangu,

Arobaini ya Baba imepita na hukuja. Watu wameuliza, nimewajibu umebanwa na kazi. Naandika hapa kwa kuwa simu hupokei na ujumbe unausoma tu, hujibu.

Sina kinyongo kuhusu shamba la alizeti. Ukitaka sehemu yako sema, tutakaa na wazee tuyamalize. Kilichonikaa rohoni ni ile asubuhi ya Mungomi, kule kwenye pango la michoro ya kale hapa kwetu Kolo, Kondoa.

Wewe ndiye uliyetaka twende. Tulitoka alfajiri, mawe yana umande, pumzi zikakukata katikati ya mlima, ukakaa chini unacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu tumzike. Nakushukuru kwa hilo.

Tukafika pangoni. Wale watu wembamba wekundu waliochorwa mwambani, yule wa katikati ameshikwa mikono, wawili wanamvuta huku, wawili kule. Mzee aliyetupeleka hajamaliza hata kueleza, ukafungua chupa ukayamwagia maji mwamba. Eti rangi itoke vizuri kwenye simu! Ikatoka kweli, nyekundu kama damu mbichi, maji yanachirizika mpaka kwenye majivu yaliyoachwa na wale waliokuja kuomba mvua. Mzee hakukutazama wewe. Alinitazama mimi.

Wewe umesoma kuliko sisi wote. Maji yanatoa chumvi ndani ya jiwe, yakikauka inabaki kama ukungu mweupe juu ya mchoro, na kila anayekuja akimwaga chupa yake, ukungu unazidi. Michoro hiyo ina maelfu ya miaka. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja 1951 akainakili, na 2006 UNESCO ikaitia kwenye Urithi wa Dunia. Lakini tuache UNESCO. Bibi alipanda pale na mbuzi mvua ilipogoma, na Baba, pamoja na swala zake tano, hakuruhusu mtu apadharau. Nilipokukumbusha ukasema niache ushirikina. Mbele ya yule mzee.

Najua shangazi anasema mkubwa ni mimi, ningekunyang'anya chupa. Ningekunyang'anya vipi? Wewe ni mtu mzima mwenye watoto, kaburi la baba yako halijakauka, nikushike mkono kama mtoto mbele ya mgeni? Nilinyamaza kwa heshima yako. Jioni nilirudi kwa mzee na sukari na kitenge cha mkewe, nikaomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Hilo hukulijua, ulikuwa umeshapanda basi.

Njoo, bwana. Lami sasa inapita hapa hapa Kolo, huna kisingizio cha vumbi. Mama hajui kama tumenuniana, usimwambie. Njoo tumwone mzee pamoja, mengine ya shamba yatafuata. Na ile picha uliyoiweka mtandaoni matanga hayajaanuliwa, ifute kabla hujafika. Shangazi naye ana simu siku hizi.